Uzi: Shule maalum, watoto werevu, na swali ambalo wagombea hawaulizwi Soin

Kila msimu wa kampeni kuna ahadi mbili ambazo hazikosi. Ya kwanza: "Tutajenga shule maalum hapa." Ya pili: "Mtoto mwerevu wa huku hatakaa nyumbani kwa sababu ya karo." Zote mbili hupigiwa makofi. Kisha watu wakirudi mtandaoni wanazigombanisha. Huyu anasema pesa ziende kwanza kwa watoto wenye ulemavu, yule anasema nchi inajengwa na vichwa kwa hivyo tuwekeze kwa wenye vipawa. Nimesoma mabishano haya miaka mingi na bado naona watu wanabishana kana kwamba mambo haya yalianza jana.

Basi wacha tuongee historia. Jina la mwanasiasa hutaliona hapa, wala la chama.

Nitatumia Soin kama mfano. Kwa Kipsigis, soin ni nyanda za chini, kule kwenye joto. Ukitoka Kericho mjini, kwenye majani chai na mvua ya alasiri, ukateremka kupitia Kiptere kuelekea Sondu, au ukashuka upande wa Kaitui, chai inaisha, mahindi na miwa inaanza, na sweta unaivua. Mtu wa Nairobi akisikia Kericho anaona chai tu. Soin ni ile Kericho ambayo haipigwi picha ya kalenda, na kwenye ramani ya siasa inapakana na Kisumu kuliko inavyopakana na mashamba ya kampuni.

Sasa chukua watoto wawili wa huko. Nimewabuni, lakini uliza mwalimu yeyote wa shule ya msingi kama hajawahi kuwafundisha. Chebet ana miaka saba na hasikii vizuri. Akiitwa kutoka nyuma hageuki. Kiprono ana miaka minane, anamaliza hesabu kabla mwalimu hajamaliza kuandika ubaoni, halafu anaanza kuwasumbua wenzake. Mwalimu ana darasa la watoto wengi mno. Chebet ameandikwa "mzito". Kiprono ameandikwa "mtundu".

Tuanze na Chebet.

Serikali ya kikoloni haikuwa na haja na mtoto kiziwi wala asiyeona. Elimu ya Mwafrika ilipimwa kwa kile ambacho ingezalisha: karani, fundi, mwalimu wa misheni. Asiyetoshea hapo aliachiwa familia yake na kanisa. Ndiyo maana ukifuatilia elimu maalum Kenya unakutana na makanisa kabla ya kukutana na wizara. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona Thika mwaka 1946, vita vikiwa vimeisha tu. Mwaka 1958 kikaundwa chama cha kushughulikia watoto viziwi nchini, na mwaka 1961 shule mbili za viziwi zikafunguliwa upande wa magharibi, Mumias na Nyang'oma, chini ya Wakatoliki. Mwaka uliofuata Jeshi la Wokovu likafungua Joytown, Thika, kwa watoto wenye ulemavu wa viungo. Kibos, pale Kisumu, ambayo kwa mtu wa Soin ndiyo ya jirani zaidi kwa wasioona, pia ni kazi ya Jeshi la Wokovu.

Shule hizi zote zilikuwa za bweni, na siwalaumu walioanzisha. Ukiwa na watoto kumi wasioona kutoka wilaya kumi, na mwalimu mmoja anayejua Breli, utafanyaje? Unawaleta pamoja. Lakini mpango huo wa dharura ukageuka kuwa ndiyo maana yenyewe ya elimu maalum. Mpaka leo ukimwambia Mkenya "elimu maalum" anawaza geti, bweni na safari ndefu. Anawaza mahali pa kumpeleka mtoto, hawazi kitu anachoweza kufanyiwa akiwa darasani kwao Kaitui.

Uhuru ukaja. Mwaka 1964 kulikuwa na tume mbili zilizogusa suala hili. Tume ya Ominde iliangalia elimu yote ya nchi, na kati ya mapendekezo yake ilisema watoto wenye ulemavu usio mzito wasome kwenye shule za kawaida. Kamati nyingine ya mwaka huohuo iliangalia malezi na urekebishaji wa watu wenye ulemavu, na kazi yake ikazaa waraka wa serikali Nambari 5 wa 1968, ambao ulijishughulisha zaidi na kumpa mtu ufundi ajitegemee.

Rudia hapo kwa Ominde. Mwaka 1964. Leo mtu akisema "elimu jumuishi" kuna wale wanaoruka na kusema ni mambo ya wafadhili, yameletwa na mashirika juzi. Hapana. Imeandikwa kwenye ripoti ya kwanza kabisa ya elimu ya Kenya huru. Ni sisi hatukuifanya.

Kwa nini haikufanyika? Sababu moja ni pesa na haraka. Nchi mpya ilitaka walimu, madaktari na maafisa wa kujaza ofisi zilizoachwa. Lakini sababu ya pili ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu haikuhitaji pesa nyingi hivyo: hakukuwa na mtu wa kumtambua mtoto. Unaweza kuandika kwenye ripoti kwamba mtoto wa ulemavu mdogo asome shule ya kawaida, lakini kama hakuna anayejua ni yupi, basi tayari yuko shule ya kawaida, amekaa nyuma, anafeli.

Ripoti ya Gachathi ya 1976 ililiona hilo na ikataka utambuzi wa mapema uratibiwe. Ikachukua miaka minane zaidi. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, vituo vya kutathmini watoto vikaanza, vile vinavyojulikana kama EARC. Februari 1986 ikaundwa KISE, Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, ya kufundisha walimu wa fani hii. Hesabu mwenyewe: kutoka Ominde aseme wasome na wenzao mpaka nchi iwe na chuo chake cha kuwafundisha walimu wao ni miaka 22. Mtoto aliyezaliwa wakati ripoti inatoka alikuwa mtu mzima chuo kikifunguliwa.

Vituo vya tathmini ni wazo zuri sana, na ningependa watu wavijue kuliko wanavyojua basari. Mzazi anampeleka mtoto, mwalimu aliyesomea kazi hiyo anapima masikio, macho, uelewa, mikono na miguu, kisha anashauri: huyu miwani tu, huyu akae mbele, huyu hospitali, huyu shule ya viziwi. Shida ni ile ya soko na duka. Kituo kiko mjini. Mtoto yuko Soin. Katikati kuna nauli, siku nzima ya kazi iliyopotea, na jambo gumu kuliko yote: mzazi lazima kwanza ashuku kwamba kuna kitu.

Na huku chini kushuku si rahisi. Nyanda hizi zina malaria kuliko kule juu kwenye chai. Malaria ikipanda kichwani kwa mtoto mdogo inaweza kumwacha na kifafa, kusikia kukapungua, au kujifunza kukawa kwa shida. Homa ya uti wa mgongo nayo hivyohivyo. Mtoto anapona, watu wanamshukuru Mungu, na ni kweli kapona. Baada ya miezi, haitiki akiitwa. Nani ataunganisha homa ile na masikio haya? Nyumbani wanasema amekuwa mkaidi. Kogo pekee ndiye anasema, "Huyu hasikii," na nani humsikiliza kogo.

Hapa acha nichepuke kidogo, kwa lugha. Kiswahili kilituachia maneno kiziwi, kipofu, kilema, yote kwenye ngeli ya vitu, ingawa sentensi humtambua mtu: kiziwi amekuja, hatusemi kimekuja. Miaka hii tumehamia "mtu mwenye ulemavu", na ni vizuri. Lakini Viziwi wengi wa Kenya wenyewe hawana shida na neno Kiziwi. Wanalishika kama wewe unavyoshika Mkipsigis au Mluo, kwa sababu wana lugha yao. Kwa hivyo kabla ya kumsahihisha mtu, uliza mwenyewe anajiitaje.

Na suala la lugha linavuruga ule mgawanyo rahisi wa "bweni ni baya, shule ya nyumbani ni nzuri". Kwa miaka mingi shule za viziwi zilifundisha kwa kulazimisha mtoto asome midomo na atoe sauti, mikono ikae chini. Mabadiliko yalikuja miaka ya 1980, na miongoni mwa walioyasukuma alikuwa Michael Ndurumo, msomi Mkenya, Kiziwi mwenyewe, aliyepata shahada ya uzamifu Marekani. Leo Katiba ya 2010 inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kama mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Sasa fikiria Chebet. Katika kijiji chake huenda hakuna mtu hata mmoja anayejua ishara. Akienda Kedowa, au shule ya Mtakatifu Kizito pale Litein, ambazo ni shule za viziwi ndani ya Kericho hii yetu, kwa mara ya kwanza anakutana na watu anaoweza kuongea nao. Ukimwambia elimu jumuishi maana yake akae darasa la kawaida Soin bila mkalimani, umemjumuisha na nini? Viziwi wana hoja hapa, na wanaopigania shule jumuishi wanapaswa kuijibu.

Kwa mtoto asiyeona vizuri tu, au anayetumia kigongo, au anayechelewa kusoma kwa sababu herufi zinamchezea, jibu linakuwa tofauti kabisa. Huyo hahitaji geti. Anahitaji mtu amwone mapema.

Haya. Barabara ya Kiprono.

Mtoto mwerevu hakuachiwa kanisa. Dola ilimtaka. Alitafutwa kwa chujio, na chujio hilo ni mtihani. Chini ya mpango wa elimu uliotokana na Ripoti ya Beecher ya 1949, mtoto Mwafrika alikutana na mtihani mwishoni mwa darasa la nne, kabla hata hajajua vizuri kuandika barua. Wengi waliishia hapo. Waliovuka wakakutana na mwingine darasa la nane. Wachache wa wachache wakaenda sekondari, huku juu Kabianga, au mbali Kikuyu pale Alliance iliyoanza 1926. Waliofika huko ndio tuliowaita "vichwa", na si ajabu wengi wao ndio walioshika nchi.

Baada ya uhuru majina ya mtihani yakabadilika: KPE, CPE, halafu KCPE kuanzia 1985 na mfumo wa 8-4-4, mpaka watahiniwa wa mwisho mwaka 2023. Chujio likabaki chujio. Juu yake zikakaa shule za kitaifa, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa 18 tu hadi zilipoanza kuongezwa mwaka 2011, na sasa zimepita 100. Kila wilaya ilipewa mgao wake wa nafasi ili wanafunzi wasitoke pembe moja ya nchi. Mgao huu bado huzua vita vya maneno: wengine wanasema unawaonea waliopata alama za juu, wengine wanasema bila huo kuna wilaya zisingeona mlango wa shule hizo.

Mimi nasema mgao ulikuwa wa haki, lakini uliishia wilayani. Kericho ilikuwa na nafasi zake. Ndani ya Kericho, mtoto wa mjini au wa shule iliyokuwa na walimu wa kutosha alizichukua, na hakukuwa na kanuni iliyosema na Soin ipate. Huo ndio ukweli wa mgao wowote: unaangalia mpaka fulani tu, chini ya hapo ni kila mtu na bahati yake.

Na je, mtihani ule ulipima kipawa? Ulipima kipawa, ukajumlisha na mwalimu, vitabu, taa ya kusomea, Kiingereza cha nyumbani, na kama uliamka na malaria wiki ya mtihani. Mwaka 2023 watahiniwa walikuwa takriban milioni 1.4, na waliopata alama 400 na zaidi kati ya 500 walikuwa 8,525. Hao ni werevu, sibishi. Ninachokataa ni ile fikra kwamba werevu wote wa nchi walikuwa hao 8,525.

Kuna waliojaribu kutafuta kwa namna nyingine. Starehe, iliyoanzishwa 1959, iliwatazama wavulana wenye akili lakini wasio na kitu, na ikaonyesha kwamba ukimtafuta huyo mtoto utampata. Tangu 2010 kuna udhamini wa benki wa Wings to Fly, na maelfu wamesoma kwa huo. Nawaheshimu. Lakini angalia wakati wanapoingia: wote humchukua mtoto akishamaliza msingi na akishapasi. Ile miaka minane ya kwanza, ambayo Kiprono anakaa darasa la tatu akirusha karatasi kwa sababu hana la kufanya, hakuna huduma ya umma iliyowahi kuijaza. Hakuna mwalimu wa vipawa katika shule ya msingi ya umma kama alivyo, angalau kwa karatasi, mwalimu wa elimu maalum. Zamani mwalimu mkuu angeweza kumrusha darasa, kutoka la pili hadi la nne, kwa uamuzi wake tu. Ilikuwa huduma duni, lakini angalau kuna mtu alikuwa amemwona.

Kwa hivyo Kiprono asipopata mwalimu wa kumshika, anafanya nini akifika darasa la saba? Anapata pikipiki. Anajua kutengeneza kila pikipiki iliyoharibika kati ya Sondu na Kaitui. Watu wanasema, "Huyu kijana ana akili sana, angesoma."

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapa ndipo mabishano ya mtandaoni huwa hayana habari.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaeleza elimu ya mahitaji maalum kuwa ni pamoja na elimu ya wanafunzi wenye vipawa na talanta, na vilevile ya wenye ulemavu. Pamoja. Kwa macho ya sheria, Chebet na Kiprono wako kwenye kapu moja: watoto ambao darasa la kawaida lazima libadilishwe kidogo ili liwafae, kwa yaliyomo, kwa namna ya kufundisha, kwa vifaa au kwa muda. Anayekuambia uchague kati yao anakuambia uchague kati ya watu wawili ambao sheria imewapa haki moja.

Kapu hilo lakini lilianza kutoboka mapema. Sera ya kwanza ya kitaifa ya elimu ya mahitaji maalum ilitoka 2009 na ilikuwa na wenye vipawa ndani yake. Mwaka 2018 ikaja sera mpya, na hata jina lake lilitaja wanafunzi wenye ulemavu. Naelewa sababu: watu wenye ulemavu walikuwa wamechoka kuona suala lao likiyeyushwa ndani ya neno "mahitaji maalum", ambalo linaweza kumaanisha chochote. Walikuwa na haki ya kudai sera yao. Lakini hakuna aliyegeuka kuuliza, na huyu Kiprono tumemwacha kwa nani? Jibu la kimyakimya likawa mtaala mpya. Mtaala wa umilisi, CBC, uliahidi kutafuta kipaji cha kila mtoto. Umeweka njia tatu katika sekondari ya juu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Kundi la kwanza lilifanya mtihani wa gredi ya 9 mwaka 2025. Kwa watoto wenye ulemavu mzito zaidi mtaala una njia inayofuata hatua badala ya umri, na hiyo ni hatua kubwa, sitaki kuibeza. Lakini kwa Kiprono njia tatu zinaanza akiwa kijana wa miaka kumi na mitano. Tumerudi palepale, mwisho wa bomba.

Kisha kuna jambo la Katiba ambalo wagombea wanalikwepa, wengine kwa kutojua, wengine wakijua sana. Jedwali la Nne limegawa kazi. Shule za msingi, sekondari na elimu maalum ni za serikali ya kitaifa. Chekechea ni za kaunti. Sasa niambie, mtoto asiyesikia, asiyeona vizuri, au anayesoma gazeti akiwa na miaka minne, angepaswa kutambuliwa wapi? Chekechea! Huko ndiko mwalimu anakaa naye kwanza, kabla hajaandikwa mzito wala mtundu. Mwalimu huyo ameajiriwa na kaunti. Kituo cha kutathmini ni cha wizara. Kliniki iliyo karibu ni ya kaunti tena. Mwalimu wa elimu maalum ni wa TSC. Chebet anapita katikati ya serikali mbili na ofisi nne, na kila moja inaweza kukuambia kwa unyoofu kabisa kwamba hilo si jukumu lake.

Kwa hivyo mgombea wa ugavana au wa uwakilishi wadi akikuahidi shule maalum, muulize ataijenga kwa mamlaka gani. Anayegombea ubunge angalau ana mfuko wa maendeleo ya eneobunge, NG-CDF, ambao ulianza 2003 na unaweza kujenga darasa. Lakini darasa ni kuta. Mwalimu ataletwa na TSC. Kuna shule nyingi nchini ambapo kitengo maalum kilifunguliwa kwa utepe na keki, na ukienda leo ni stoo ya mahindi. Na upande wa pili, utakuta mwalimu aliyejilipia mwenyewe kozi ya KISE likizo baada ya likizo, halafu anafundisha darasa la kawaida kwa sababu hakuna aliyempanga kwingine.

Pesa nazo. Elimu ya msingi bila malipo ilipokuja Januari 2003, idadi ya wanafunzi iliruka kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2, na serikali ikatoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Watoto wengi wenye ulemavu waliingia darasani kwa mara ya kwanza kwenye wimbi hilo, na hilo lisahaulike na nani. Baadaye kiwango kikawa 1,420. Watoto wenye mahitaji maalum huongezewa kitu juu yake. Lakini nyongeza hiyo inamfuata mtoto aliyekwisha kutambuliwa na kuandikishwa hivyo. Chebet aliyeandikwa mzito analetewa 1,420 kama kila mtu. Kwa vitabu vya serikali, yeye hayuko.

Na hii ndiyo sababu mnapobishana kwa takwimu mnagonga ukuta. Utafiti wa kitaifa wa 2008 ulisema watu wenye ulemavu Kenya ni asilimia 4.6. Sensa ya 2009 ikasema 3.5. Sensa ya 2019 ikasema 2.2. Je, tulipona? Hapana, maswali yalibadilika. Mwaka 2019 waliuliza kiwango cha ugumu wa kuona, kusikia, kutembea na kadhalika, wakahesabu wenye ugumu mkubwa, tena kwa walio na miaka mitano na zaidi. Utafiti wa KISE uliowaangalia watoto na vijana wa miaka 3 hadi 21 ukapata asilimia 11.4. Kati ya 2.2 na 11.4 kuna watoto wengi sana, na kila mwenye bajeti huchagua namba inayomfaa. Ile ya sensa, ambayo ni ndogo kuliko zote, haikuwauliza kabisa walio chini ya miaka mitano, ndiyo umri ule hasa wa chekechea niliokuwa nausema.

Kwa wenye vipawa hatuna hata namba za kugombania. Hakuna aliyewahi kuwahesabu. Tulikuwa na orodha ya alama za KCPE tu, na sasa hata hiyo haipo.

Mkipata nafasi ya kuuliza swali kwenye mdahalo, pale Sondu au popote, mimi ningeacha habari ya majengo. Ningeuliza: mwalimu wa chekechea wa kaunti akishuku kwamba mtoto hasikii, au kwamba mtoto amewapita wenzake miaka mitatu, anampigia nani simu? Huyo mtu anafika Soin mara ngapi kwa muhula? Nani analipa mafuta ya gari lake? Mgombea akiwa na jibu la swali la tatu, huyo amefikiria. Akianza kuongea juu ya ekari ngapi za ardhi zimetengwa, mnajua mnaongea na nani.

Nimalizie na Chebet, kwa sababu kuna jambo nimelificha tangu mwanzo. Nilipowabuni hawa watoto wawili, nilimpa mmoja masikio mabovu na mwingine akili. Ndivyo tunavyofikiria wote, na ndivyo zile barabara mbili zilivyojengwa. Lakini Chebet asiyesikia amejifunza kusoma kwa kumwangalia dada yake kwa dirisha la jikoni. Anajua kuhesabu pesa za miwa kuliko baba yake. Akipimwa siku moja, fomu itamuuliza kuhusu masikio. Hakuna kisanduku cha kile kingine.

Uzi ujao ni wa basari za kaunti na ile kesi ya nani ana mamlaka ya kuzitoa. Najua mnaungoja huo kuliko huu.